Tusisubiri mtoto augue: mzizi wa kitunguu unatosha kutuonya

Mwezi uliopita nilisimama kununua mchicha kwa mama mmoja anayelima kando ya mtaro, upande wa Mombasa bara, nyuma kidogo ya viwanda. Nimekuwa mteja wake miaka mingi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, lakini hakunichagulia fungu kama kawaida yake. Aling'oa mche mmoja pale pale akanitia mkononi.

"Hebu tazama, mwanangu. Mbegu nimebadilisha mara mbili. Samadi nimetia. Bado unakaa kama mtu mwenye homa."

Majani yalikuwa machache na yamepauka, lakini kilichonishtua ni mizizi. Mchicha wenye afya ukiung'oa hutoka na mzizi mkuu na vijizizi vingi vyeupe kama nyuzi. Huu ulikuwa mfupi, umevimba kwenye ncha, na rangi yake ya kahawia kama kitu kilichopitiwa na moto. Maji ya kumwagilia huyateka mtaroni. Alinieleza kwamba siku nyingine huja na rangi, siku nyingine huja na povu, na siku nyingine huwa safi hata ukadhani ni ya mvua.

Sitautaja mtaro huo wala mtaa wenyewe, na sababu nitaieleza mbele. Ila nilisomea diploma ya ufundi wa maabara nikiwa kijana, na ingawa riziki yangu siku hizi iko kwengine, ule mzizi ulinirudisha darasani. Nikakumbuka jaribio moja la bei ya kitunguu.

Gilasi nne na vitunguu kumi na viwili

Mpwa wangu yuko sekondari. Nilimwita tukalifanya pamoja barazani. Tulichukua gilasi na vikopo vya kutosha, tukavigawa mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa na maji ya mvua. La pili, maji ya mtaro kabla haujafika viwandani. La tatu, maji ya mtaro huohuo baada ya kupita viwanda. La nne, maji ya kisima cha yule mama. Kila fungu tulilipa vitunguu vitatu vya ukubwa mmoja, tukakwangua mizizi mikavu ya zamani bila kuumiza kitako, kisha tukaviketisha ili kitako tu kiguse maji. Tukaviweka mahali penye kivuli na kubadilisha maji kila siku.

Siku ya tano mpwa wangu aliniita kabla sijavua viatu. Vitunguu vya maji ya mvua vilikuwa na ndevu nyeupe ndefu. Vya mtaro wa juu vilikuwa vifupi kidogo, ila vyeupe. Vya mtaro wa chini vilikuwa na vijiti vifupi, vingine vimepinda kama ndoana, vingine vimelainika ncha. Vya kisimani vilikuwa katikati.

"Ami, hii ni sumu?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli: kitunguu kimetuambia kwamba ndani ya maji haya mna kitu kinachozuia seli kugawanyika au kukua. Hakijatuambia kitu hicho ni nini, wala kimetoka kwa nani.

Nini hutokea kwenye ncha ya mzizi

Mzizi haukui kwa urefu wake wote kwa pamoja. Kukua kunaanzia kwenye ncha, nyuma ya kofia ndogo inayoilinda unapopenya udongo. Hapo ndipo seli hugawanyika mfululizo, moja kuwa mbili, kisha seli mpya hurefuka na kuusukuma mzizi mbele. Seli inayogawanyika ni kama nyumba iliyo katika kuhama: vyombo viko nje, milango iko wazi, na bahati mbaya ndogo huleta hasara kubwa.

Kabla seli haijagawanyika hunakili kromosomu zake, yaani zile nyuzi zinazobeba maelekezo ya uhai. Kitunguu kina kromosomu 16, tena kubwa, na ndiyo maana wanasayansi wamekipenda. Nyuzi nyembamba ndani ya seli huzivuta kromosomu upande huu na upande ule, kila mtoto apate fungu lake kamili. Risasi, shaba, kadimiamu na metali nyingine nzito huingilia kazi hiyo. Hushikana na protini za seli, huchukua nafasi ya madini yenye manufaa kama kalsiamu, na huvuruga zile nyuzi za kuvuta. Chini ya hadubini utaona kromosomu zilizogandana, zilizochelewa nyuma, au zilizounganika kama daraja kati ya seli mbili zinazotaka kuachana. Utaona pia vipande vilivyopotea njia na kujifanyia kiini kidogo pembeni. Na utahesabu seli chache mno zinazogawanyika. Ule ufupi tuliouona kwa macho barazani ndio matokeo yake.

Watu wa Lund, Uswidi, walilijua hili zamani. Mwaka 1938 Albert Levan alitumia mizizi ya vitunguu kuchunguza jinsi dawa iitwayo kolchisini inavyovuruga mgawanyiko wa seli. Mwaka 1985 mwenzake wa nchi hiyohiyo, Geirid Fiskesjö, aliandika makala akipendekeza jaribio hilo liwe kipimo cha kawaida cha kukagua mazingira. Tangu hapo limetumika nchi nyingi kupima maji machafu ya viwanda vya nguo, ngozi, rangi na metali. Na hapa kwetu mwanafunzi wa sekondari hukata ncha ya mzizi wa kitunguu, huitia rangi na kuitazama kwa hadubini ili ajifunze mgawanyiko wa seli. Vifaa viko shuleni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia, badilisha yale maji ya bomba, tia ya mtaroni.

Tulilipia somo hili Owino Uhuru

Kuna atakayesema, kwani mchicha wa mama mmoja una uzito gani? Nitamjibu kwa jina moja: Owino Uhuru.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi kilianza kazi ukutani mwa mtaa huo, karibu na Mikindani. Moshi ulitua juu ya mabati, maji yakatiririka kwenye njia ambamo watoto hucheza. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho, na mwaka 2009 akakabidhiwa kazi ya kusimamia ripoti ya athari za mazingira, wakati tanuri limeshakuwa likiwaka. Wataalamu walipoonya kuhusu risasi, onyo lao halikusikilizwa. Baadaye mwanawe mwenyewe, aliyekuwa akinyonya, aligunduliwa kuwa na risasi mwilini. Hapo ndipo mapambano yalipoanza.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: tangu tanuri la kwanza hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinafunguliwa alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Katika miaka hiyo yote, ushahidi tuliokuwa tukiusubiri ulikuwa damu. Damu ya watoto ipimwe, matokeo yaje, yabishaniwe, ipimwe tena. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Maana yake, siku damu inapotoa ushahidi, madhara yameshaingia. Akili ya mtoto iliyoguswa na risasi hairudishwi na hukumu, hata ikija na mabilioni.

Ndiyo maana nasema tumekuwa tukimuuliza shahidi wa mwisho swali ambalo tungemuuliza wa kwanza. Mmea hauhami. Unakunywa kilichopo, mchana na usiku. Risasi ikiingia udongoni, sehemu kubwa hunasa kwenye mizizi, kwa sababu kuta za seli huishikilia na ndani ya mzizi kuna ukanda unaozuia isipande juu kwa urahisi. Mzizi basi hutaabika kabla jani halijaonyesha, na jani huonyesha kabla mtoto hajapelekwa hospitali.

Katiba haidai mgonjwa

Wengi wetu hatujui kwamba sheria imeshatufungulia mlango. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu anayeona haki hiyo imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, kwenda mahakamani. Na sehemu ya tatu ya kifungu hicho inasema kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuna mtu aliyepata hasara au kudhurika.

Tusome hapo tena taratibu. Si lazima mtu awe amedhurika. Katiba haikutuambia tulete jeneza, wala cheti cha hospitali. Inatosha kuonyesha kwamba hatari iko njiani. Nani wa kutuonyesha hatari iliyo njiani kama si mzizi?

Masheikh wetu nao wametufundisha kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, na tangu madrasa tumejua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kujisaidia kwenye maji ya watu, njiani mwao na kwenye vivuli vyao. Ikiwa haja ya mtu mmoja ilikatazwa isiwekwe kwenye maji, itakuwaje haja ya kiwanda kizima?

Naijua hoja ya upande wa pili

Vijana wetu wanakula kwa viwanda hivi. Mtaani kwangu kuna nyumba tatu ambazo mkate wa asubuhi unatoka kwenye zamu ya usiku. Sitaki milango ifungwe. Kiwanda kinachosafisha maji yake kabla ya kuyaachia hakina sababu ya kuogopa kitunguu. Kwa kweli kitunguu kitakisafishia jina.

Pia sitaki tugeuze jaribio hili kuwa fimbo ya kupigia yeyote tusiyempenda. Sisi watu wa pwani tuna shida yetu maalumu: chumvi. Maji ya visima vingi huku ni ya munyu, na mtaro unaokaribia hori huingiliwa na maji ya bahari yakijaa. Chumvi peke yake hudumaza mzizi wa kitunguu. Sabuni ya kufulia pia, na mkojo, na dawa za kuulia wadudu shambani. Mizizi ya kisimani kwa yule mama ilidumaa, na kwa kuyaonja maji yale siwezi kumlaumu yeyote ila bahari.

Kwa hiyo anayetaka kupima kwa haki na afanye mambo manne. Mosi, achote juu na chini ya mahali anapopashuku, siku moja na saa moja, maji yakiwa yametoka. Pili, aonje hali ya chumvi kwa kipimo, na awe na fungu la maji safi yaliyotiwa chumvi kiasi hicho hicho, ili alinganishe. Tatu, arudie mara kadhaa, kwa vitunguu vingi, siku tofauti, na aandike tarehe na kupiga picha. Nne, akiona tofauti ya kudumu, sampuli ipelekwe maabara yenye vifaa vya kupima kila metali kwa jina lake. Kitunguu kazi yake ni kubisha hodi. Maabara ndiyo ifungue mlango na kutaja aliye ndani.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoutaja ule mtaro. Jaribio letu tulifanya mara moja tu. Sababu ya pili ni mama mwenyewe. Nilipomweleza tuliyoyaona alinyamaza kidogo, akasema, "Ukiliandika jina la hapa, mwanangu, wateja watanikimbia mimi. Kiwanda hakitakimbiwa na mtu."

Sikuwa na jibu. Ndivyo ilivyo: mwenye kuchafua hana la kupoteza tukinyamaza, na mwenye kuchafuliwa ndiye anayepoteza tukisema.

Mikoko inatusubiri pia

Tusidhani habari hii inakomea kwenye mboga. Mitaro yetu yote mwisho wake ni hori, na horini kuna mikoko. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalipomwagika Port Reitz, yaliigandia mizizi ya mikoko na miti mingi ikafa imesimama. Hilo lilionekana kwa macho. Metali hazionekani. Watafiti wa Australia waliochunguza mchu wamekuta shaba, zinki na risasi zikirundikana zaidi kwenye mizizi kuliko kwenye majani. Mti hujitahidi kuzizuia zisipande, lakini kila kinga ina kikomo chake. Na pale kwenye mizizi ndipo samaki wadogo, kamba na kaa wanapolelewa.

Sasa tunaambiwa eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu litaleta viwanda na ajira. Karibu viwe, tunavihitaji. Ila leo, kabla ya bomba la kwanza kufunguliwa, ndio wakati wa kupima udongo, maji na mizizi ya mikoko ya pale na kuandika tulichokikuta. Kipimo cha mwanzo kikikosekana, kesho kila mtu atasema uchafu ulikuwepo tangu zamani.

Tufanye nini

Walimu wa baiolojia wa shule zilizo karibu na mitaro na mahori wanaweza kuanza muhula huu. Kila shule ichague sehemu mbili, ipime kila muhula, itunze daftari. Baada ya miaka miwili tutakuwa na kumbukumbu ambazo hazikununuliwa na mtu. Vikundi vya wavuvi vya ufuoni navyo vinaweza kuingia. Wao ndio wanaojua maji hubadilika rangi saa ngapi za usiku.

Serikali ya kaunti ina maafisa wa kilimo na wa afya ya umma. Na mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo inayotoa leseni za kumwaga maji ya viwanda na kupokea ripoti za ukaguzi wa kila mwaka. Ripoti hizo zilikusudiwa zitulinde, basi na tuzione. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na haihitaji wakili. Mimi nimeshaandika yangu. Nimeomba orodha ya walio na leseni ya kumwaga maji kwenye mtaro ule, na matokeo ya vipimo vya mwisho. Jibu likija nitalileta hapa, na lisipokuja nitaleta hesabu ya siku.

Kwa wakulima wa kando ya mitaro, ushauri wangu ni wa kawaida. Lima mbali na ukingo kadiri unavyoweza. Inua tuta, ulijaze udongo kutoka mahali pasafi na mboji nyingi, kwa sababu mboji hushika metali kiasi zisiingie mmeani. Usipande muhogo, viazi wala karoti kwenye udongo unaoushuku, maana hapo unakula kilichokaa ndani ya udongo wenyewe. Mchicha nao uoshwe vizuri, kwani vumbi la jani huweza kubeba risasi, na kumbuka kwamba kadimiamu hupanda hadi majani kwa wepesi kuliko risasi. Kuosha hakuitoi.

Yule mama nilimpa ushauri huu pia. Kuhusu maji aliniuliza swali la haki kabisa: kisima kina chumvi, mfereji wa baraza ni wa kununua kwa mtungi, na fungu la mchicha linauzwa bei gani? Mvua za vuli zilipoanza tulimsaidia kutega mapipa mawili chini ya paa lake. Tuta lake la juu sasa linanyweshwa kwa maji hayo, na mchicha wake umepata rangi. La chini, karibu na mtaro, ameliacha.

Wiki iliyopita nilimkuta amesimamisha gilasi mbili dirishani, kila moja na kitunguu. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia anataka kujua mwenyewe. Mama aliyeishia darasa la nne anafanya ukaguzi wa mazingira kwa vitunguu viwili vya sokoni, na ofisi zenye magari na maabara tunaziandikia barua. Siku 21 zangu zinaisha mwezi huu.